Jinsi ya kubuni ngao ya chombo cha anga: mwongozo kamili kwa mwandishi wa bunilizi ya kisayansi

Mwandishi anayempeleka mhusika wake karibu na Jua, au ndani ya mawingu ya Mshtarii, hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: kwa nini chombo hicho hakiungui? Jibu linalotolewa mara nyingi ni ngao ya nishati isiyo na uzito, isiyochoka na isiyohitaji maelezo, na matokeo yake ni kwamba msomaji anakosa sababu ya kuingiwa na wasiwasi, kwa kuwa kitu kisichogharimu chochote hakiwezi kuisha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kubuni ngao yenye gharama na yenye kikomo, kwa kutumia vyombo halisi kama vipimo. Mfano tutakaoufuata ni wa chombo cha kubuni nitakachokiita Mtepe, chenye watu wanne, kinachopita kilomita milioni 2.7 kutoka uso wa Jua. Hesabu zake ni za kiwango cha sekondari, na kikokotoo cha simu kinatosha.

Hatua ya 1: Amua adui ni nani

Mazingira makali si kitu kimoja. Kwenye uso wa Zuhura adui ni joto la takriban nyuzijoto 465 za Selsiasi pamoja na shinikizo la hewa linalozidi la dunia yetu kwa karibu mara tisini. Karibu na Mshtarii adui ni chembe zenye chaji zilizonaswa na ugasumaku wa sayari hiyo. Karibu na kometi adui ni vumbi, na chombo kinaporudi duniani adui ni angahewa yenyewe, inayogandamizwa mbele ya chombo hadi kung'aa kwa joto. Ngao inayofaa kwa mmoja kati ya hawa inaweza isiwe na maana yoyote kwa mwingine, kwa hiyo andika jina la adui mkuu kwenye karatasi, na chini yake majina ya wadogo wanaomfuata.

Hata umbali peke yake haukuambii hatari ilipo. Setelaiti Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco kwenye bahari ya Malindi, ilizunguka karibu kabisa na ikweta, na mizunguko ya chini ya aina hiyo hukutana na chembe chache zaidi kuliko ile inayokatiza eneo la kusini mwa Atlantiki ambako ukanda wa mionzi wa dunia hushuka chini. Mwandishi anayetaka chombo chake kianzie safari katika pwani yetu ana sababu ya kisayansi ya kufanya hivyo, wala hahitaji kutegemea uzalendo peke yake.

Kwa Mtepe, adui mkuu ni mwanga wa Jua. Hapa waandishi wengi huteleza, kwa sababu wamesoma kwamba korona ya Jua, yaani angahewa yake ya nje, ina joto la nyuzijoto zaidi ya milioni moja, wakadhani kuwa hilo ndilo joto ambalo chombo kitalipata. Cheche zinazoruka kwenye grainda ya fundi wa mageti zina joto la kutosha kung'aa, lakini zinaangukia mkono wake na hazimchomi, kwa kuwa kila cheche imebeba nishati kidogo mno. Korona nayo ni nyembamba kupita kiasi: chembe zake zina kasi kubwa, ila ni chache. Kinachochoma chombo ni mwanga unaotoka kwenye uso wa Jua.

Hatua ya 2: Tafuta ngao halisi iliyo jirani na yako

Usianze na karatasi tupu. Karibu kila mazingira unayoweza kuyafikiria yana chombo kilichowahi kuyakaribia, na kila chombo kimeleta mbinu yake.

Mbinu ya kwanza ni kuzuia. Chombo cha Marekani kiitwacho Parker Solar Probe, kilichorushwa Agosti 2018, kina ngao yenye upana wa mita 2.4 na unene wa sentimita 11.4, iliyoundwa kwa mabamba mawili ya kaboni na povu jepesi la kaboni katikati yake, na upande unaotazama Jua umepakwa rangi nyeupe ya kauri. Ngao yote ina kilo 73 hivi. Tarehe 24 Desemba 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka uso wa Jua, na ngao hiyo imesanifiwa ili uso wake ustahimili takriban nyuzijoto 1,370 huku vifaa vilivyo nyuma yake vikikaa katika joto la kawaida la chumba.

Mbinu ya pili ni kutoa sadaka. Kifaa kilichoachiliwa na chombo cha Galileo kiliingia kwenye angahewa ya Mshtarii tarehe 7 Desemba 1995 kwa kasi ya kilomita 47 kwa sekunde. Kilikuwa na kilo 339, na kilo 152 kati ya hizo zilikuwa ngao peke yake. Ngao hiyo iliungua kwa makusudi, gesi zake zikaondoka na joto, na takriban kilo 80 zilitoweka kabla ya parachuti kufunguka. Ngao ya namna hii ni zawadi kwa mwandishi, kwa sababu hutumika mara moja tu na kila mhusika analijua hilo.

Mbinu ya tatu, ambayo naona imepuuzwa sana katika hadithi, ni kununua muda. Vyombo vya Kisovieti vya Venera vilivyotua Zuhura havikuwa na namna ya kulishinda joto lile moja kwa moja. Vilipozwa kabla ya kushuka, vikafunikwa kwa vihami joto, na ndani vikawekewa chumvi inayomeza joto inapoyeyuka. Venera 13 ilitua tarehe 1 Machi 1982 ikitarajiwa kuishi dakika 32, ikaishi 127. Tangu sekunde ya kwanza mwisho wake ulikuwa unajulikana, na kilichobaki kuulizwa ni kazi gani itamalizika kabla chumvi haijayeyuka yote.

Mtepe ni ndugu wa Parker, kwa hiyo tutaazima mwili wake: kaboni, povu, na uso mweupe.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kuandika sentensi

Nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali kutoka kitovu cha Jua. Parker ilipita kilomita milioni 6.1 kutoka uso wa Jua, yaani takriban milioni 6.8 kutoka kitovu. Mtepe itapita milioni 3.4 kutoka kitovu, ambayo ni nusu kamili. Ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga unaongezeka mara nne, hadi kufikia zaidi ya mara 1,900 ya ule unaoipiga dunia.

Joto la uso halipandi mara nne, na hapa ndipo penye kanuni inayofaa kukaririwa: joto, likipimwa kwa kelvini, hupanda kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa umbali. Geuza nyuzijoto 1,370 kuwa kelvini kwa kuongeza 273, upate 1,643. Zidisha kwa 1.414, ambacho ni kipeuo cha pili cha 2, upate takriban 2,324. Toa 273, na uso wa ngao ya Mtepe unasimama kwenye nyuzijoto 2,050.

Sasa linganisha na vitu vyenyewe. Kaboni haina shida, kwa kuwa katika ombwe huvumilia joto kubwa zaidi ya hilo. Lakini oksidi ya alumini, kauri nyeupe inayojulikana sana kwa kazi kama hii, huyeyuka karibu na nyuzijoto 2,070. Tumebakiwa na nafasi ya nyuzijoto ishirini, na hakuna mhandisi mwenye akili timamu atakayewapandisha watu wanne kwenye chombo chenye nafasi ya nyuzijoto ishirini. Dakika tano za hesabu zimetupa mgogoro ambao wiki nzima ya kubuni majina ya kigeni isingetupa: ngao yenyewe itapona, ila rangi yake iko hatarini.

Hesabu ya pili ni ya muda. Chombo kinachoanguka kuelekea Jua kutoka mbali kitapita hapo kwa takriban kilomita 280 kwa sekunde. Kwa njia ya aina hiyo, Mtepe itakaa ndani ya mpaka wa kilomita milioni 6.8 kwa saa kama 18, tisa za kwenda na tisa za kutoka, na hizo saa 18 ndizo urefu wa sehemu moto ya hadithi yako. Hakuna kurudi nyuma katikati, kwa sababu hakuna injini ya kawaida inayoweza kusimamisha kasi hiyo.

Hatua ya 4: Chora kivuli

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Duniani tumezoea kuona Jua likiwa dogo, kwa hiyo tunadhani kivuli cha kitu kinaendelea nyuma yake bila kupungua. Kwa Mtepe, Jua si dogo. Kutoka kilomita milioni 3.4, linachukua nyuzi karibu 24 za anga, wakati sisi tunaliona likichukua nusu ya nyuzi moja. Kingo za Jua zinamulika kutoka pembeni, na kivuli kamili nyuma ya ngao kinachongoka kama pia hadi kinakwisha.

Chukua ngao yenye upana wa mita 12. Kivuli chake kamili kinakwisha mita 29 hivi nyuma yake. Ukitaka chombo chenye urefu wa mita 20, basi mkia wake hauwezi kuzidi upana wa mita 3.6, na hapo hujaacha nafasi yoyote ya kuyumba. Umbo la Mtepe, kwa hiyo, limeshachaguliwa na Jua: kipana mbele, chembamba nyuma, na vyumba vya watu vikiwa karibu na ngao kuliko ambavyo yeyote angependa. Antena ndefu ya pembeni haipo. Dirisha la kutazama Jua halipo. Mhusika anayetoka nje kufanya matengenezo ana chumba cha kivuli kinachopimika kwa hatua, na mkono ukitoka nje ya mpaka huo unakutana na zaidi ya megawati mbili kwa kila mita ya mraba.

Ukishachora kivuli, uliza nani anakilinda. Parker ina sensa ndogo za mwanga zilizopangwa kwenye ukingo wa kivuli chake. Moja ikiguswa na mwanga, kompyuta inakirekebisha chombo yenyewe, kwa sababu ujumbe kutoka duniani huchukua karibu dakika nane kufika na kufikia hapo kazi imekwisha. Ipe Mtepe sensa za namna hiyo, zipe namba, na wafundishe wahusika wako kuzisikiliza.

Hatua ya 5: Chagua uongo mmoja

Bunilizi inaruhusu uongo, na ni afadhali uwe mmoja mkubwa kuliko kumi midogo. Tuseme basi kwamba katika ulimwengu wa Mtepe kuna mpako mweupe usioyeyuka hadi nyuzijoto 2,600. Kiwandani una jina refu la kikemia. Mafundi wanauita chokaa.

Uongo ukishachaguliwa, ulipishe. Chokaa hicho kiwe kigumu na chepesi kuvunjika, kiasi kwamba kikipakwa kwenye bamba linalojipinda kwa joto kinapasuka nywele. Kisiweze kupakwa upya safarini. Na pale kinapobanduka, sheria za kawaida zirudi kufanya kazi: kaboni tupu ni nyeusi, inameza mwanga karibu wote, na sehemu hiyo itapanda hadi takriban nyuzijoto 2,340. Kaboni itavumilia, lakini povu lililo nyuma yake litapitisha joto zaidi kuelekea kwa watu, polepole, kwa saa zote zilizobaki.

Wale wanaotaka ngao ya sumaku wanaweza kuichagua kuwa uongo wao, mradi waikubali na udhaifu wake. Ugasumaku hupindisha njia ya chembe zenye chaji tu. Mwanga, eksirei na mawe hupita kana kwamba hakuna kitu. Una ncha mbili, na kwenye ncha hizo chembe huingia, kama zinavyoingia karibu na ncha za dunia na kuwasha anga usiku. Na sumaku za nguvu zinazopitisha umeme bila upinzani hutaka baridi kali, jambo gumu kulipata nyumba ya pili kutoka kwa Jua.

Hatua ya 6: Panga ulinzi dhidi ya mionzi

Mionzi ina tabia inayowashangaza wengi: ukuta mzito wa metali unaweza kuongeza tatizo. Chembe yenye kasi kubwa ikigonga kiini kizito hukivunja, na vipande vyake vinaendelea na safari kama mvua ya chembe mpya. Kwa sababu hiyo vitu vyenye hidrojeni nyingi, kama maji na plastiki ya polithini, hulinda watu vizuri zaidi kwa uzito uleule. Maji ya kunywa, chakula na hata taka za wahusika zinaweza kupangwa kuzunguka chumba kidogo cha kujificha, na wanaanga wa chombo cha Orion cha Marekani wamepangiwa mbinu inayofanana na hiyo: kukusanya mizigo na kujifunika nayo dhoruba ya Jua inapotokea.

Vifaa vya kielektroniki ni habari nyingine. Juno, iliyofika Mshtarii Julai 2016, ilifungia akili zake ndani ya sanduku la titani lenye kuta za unene wa sentimita moja hivi, sanduku ambalo pamoja na vifaa vyake lina takriban kilo 200. Risasi, metali inayokumbukwa na kila mtu kwenye suala la mionzi, iliachwa kwa kuwa ni laini mno kuhimili mtikisiko wa kurushwa.

Kwa Mtepe, tatizo kubwa ni onyo. Mwanga wa mlipuko kwenye Jua unafika kwake baada ya sekunde tisa hadi kumi, na protoni za kwanza zinaweza kuwa nyuma yake kwa muda mfupi mno. Chumba cha kujificha lazima kiwe mahali wanapofanyia kazi, au wafanyie kazi ndani yake.

Hatua ya 7: Ondoa joto la ndani

Ngao inayozuia joto kuingia haisaidii lililomo ndani kutoka. Mtu aliyetulia hutoa takriban wati 100, mashine hutoa zaidi, na katika ombwe hakuna hewa ya kubeba joto hilo. Linatoka kwa mnururisho pekee. Bamba la kupozea lenye joto la nyuzijoto 27 hutoa takriban wati 400 kwa kila mita ya mraba ya uso wake. Chombo kinachotumia kilowati 20 kinahitaji mita za mraba 50 za uso huo, zote zikiwa ndani ya kivuli, na zikitazama mbali na mgongo wa ngao. Kila taa inayowashwa ina bei. Usiihubiri kanuni hii. Acha nahodha azime jiko.

Hatua ya 8: Buni namna itakavyoharibika

Ngao zilizowahi kuharibika kweli hazikuharibika kwa mlipuko mkubwa wa kwanza. Chombo cha Columbia kiligongwa na kipande cha povu sekunde 82 hivi baada ya kuondoka, tarehe 16 Januari 2003, kwenye ukingo wa bawa la kushoto. Kilifanya kazi angani kwa zaidi ya wiki mbili kikiwa na jeraha hilo, na tarehe 1 Februari, kiliporudi kwenye angahewa, wanaanga wote saba walipoteza maisha. Kati ya jeraha na matokeo kuna nafasi ndefu, na nafasi hiyo ndiyo mahali pa mwandishi.

Giotto, chombo cha Ulaya kilichopita karibu na kometi ya Halley usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi 1986, kilikuwa na ngao ya tabaka mbili kwa kufuata wazo la mwanaastronomia Fred Whipple: bamba jembamba la mbele linalipasua vumbi kuwa mvuke, nafasi tupu inautawanya, na bamba la nyuma linaupokea ukiwa umepoteza makali. Kwa kasi ya kilomita 68 kwa sekunde, punje ya miligramu moja hubeba nishati ya jouli 2,300 hivi, sawa na ya risasi ya bunduki. Ngao ilifanya kazi, lakini sekunde chache kabla ya kufika karibu kabisa punje moja ilikiyumbisha chombo, antena yake ikaacha kuielekea dunia sawasawa, na mawasiliano yakawa ya kukatikakatika. Ngao inaweza kushinda na chombo kikashindwa.

Mfano wa tatu ni wa hivi karibuni. Orion iliporudi kutoka Mwezini bila watu Desemba 2022, vipande vya ngao yake ya kuungua vilibanduka mahali pengi. Uchunguzi ulionyesha kwamba gesi zilinaswa ndani ya ngao na kuipasua, hasa katika kipindi ambacho joto la nje lilipungua, ilhali majaribio ya awali yalikuwa yamefanywa kwa joto kali zaidi. Ni nadra mwandishi kufikiria kwamba hatari inaweza kuja pale mambo yanapotulia.

Kwa Mtepe, nitachagua ufa mdogo kwenye chokaa uliotokea miezi kabla, kwenye baridi, chombo kilipokuwa bado mbali. Hauonekani mpaka saa ya sita ya joto.

Hatua ya 9: Ilete ngao kwenye ukurasa

Msomaji hahitaji kuyaona haya yote. Anahitaji kuwasikia watu wanaoishi nayo, wakizungumza kama watu wa kazi wanavyozungumza, bila kuelezana wanachokijua tayari. Mfano:

"Kaka Hamisi, namba nne imeona mwanga."
"Muda gani?"
"Nusu sekunde. Imerudi yenyewe."
Hamisi aliweka kikombe chini. "Na joto la mgongo?"
"Limepanda mbili tangu saa nne."
"Mbili sehemu zote, au mbili pale pale?"
Rehema hakujibu haraka. "Pale pale, kaka."

Hakuna aliyetaja kaboni wala kipeuo cha pili, lakini msomaji aliyepewa picha ya kivuli sura moja kabla ataelewa kuwa kuna mahali chokaa kimeachia.

Hifadhi hesabu zako kwenye ukurasa mmoja: umbali, joto la uso, urefu wa kivuli, saa zilizobaki, maji yaliyopo, mita za mraba za kupozea. Ukija kuamua katikati ya riwaya kwamba Mtepe isogee hadi theluthi ya umbali wa Parker, zidisha 1,643 kwa 1.73 badala ya 1.414. Uso utafika nyuzijoto 2,570 hivi, thelathini tu chini ya kikomo cha chokaa chetu, na kivuli kamili cha ngao ileile ya mita 12 kitapungua hadi mita 19 hivi. Chombo cha mita 20 hakitoshi tena ndani yake, kwa hiyo ama upanue ngao tangu sura ya kwanza, ama uamue ni sehemu gani ya mkia itakatwa.